Ombi la Kuondolewa kwa Meza ya Dirishani

Kwako Mama Mwenye Mkahawa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, wahudumu wako na lile birika kubwa lenye kishikio kilichofungwa kitambaa. Mimi sijambo, kwa kiasi cha kuweza kushika kalamu.

YAH: MADHARA YA KAHAWA YAKO KWA WATU WENYE KAZI ZAO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, na nakuomba usikasirike kabla hujafika mwisho. Mimi ni yule fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Watu wananiita Mama Sare, kwa kuwa tangu nijue kushika mkasi nashona sare za shule: kaptula za buluu, sketi za buluu, na mashati meupe ambayo hayakai meupe. Cherehani yangu iko mlangoni. Nikiinua kichwa, ninachokiona ni dirisha la mkahawa wako, na nyuma ya kioo ile meza ndogo yenye mguu mmoja mfupi, uliowekewa kadibodi ili isiyumbe. Ombi langu ni moja tu, mama: iondoe meza ile. Imenikosesha usingizi, ilitaka kunikosesha kazi, na sasa imenikosesha rafiki, tena rafiki mwenyewe niliyekuwa naye ni huyo mmoja wa kukaa naye bila kupima maneno. Sababu nimezipanga kwa namba, usije ukasema napayuka.

1. Kahawa yako ni nzuri kupita kiasi. Unamjua rafiki yangu, mchora mabango, yule tunayemwita Rangi Mbili kwa sababu vidole vyake havijawahi kuonekana bila rangi, na kamwe haiwi rangi moja. Kila Alhamisi jioni tulikuwa tunakaa pale. Nusu ya juu ya kikombe tulizungumza kama watu wazima: kodi ya chumba, uzi kupanda bei, wateja wanaosema "nitapita kesho" na kesho yenyewe haina mwenyewe. Tukifika nusu ya chini, basi tena. Ndoto zinaanza. Yeye anaeleza herufi atakazochora siku atakapopata ukuta mrefu usio na haraka, mimi naeleza gauni ambalo hata mvaaji wake sijamjua. Ushahidi huo unaonyesha wazi kwamba hatari imo nusu ya chini. Ungekuwa unamimina nusu kikombe tu, leo nisingekuwa nakuandikia.

2. Mkahawa wako hauna mtu wa kuzuia maswali. Siku hiyo nilikuwa nimejikalia zangu, najisifu kwamba mkono wangu unaweza kushona kaptula nimefumba macho. Rangi Mbili akaweka kikombe chini, akaniuliza: "Hivi wewe, mara ya mwisho kushona kitu ulichokiwaza mwenyewe ilikuwa lini?"

Nilitazama dari, nikatazama viatu vyangu, nikamtazama mhudumu wako mrefu kana kwamba ndiye anayetunza kumbukumbu zangu. Hakunisaidia. Akaja akafuta meza tu na kuondoka. Najiuliza, mkahawa wenye leseni unaachaje mteja aulizwe swali kama lile, halafu aachiwe aende nyumbani nalo peke yake?

3. Swali hilo liliniharibia kazi. Hili ni refu kidogo, kwa hiyo kama una mteja mhudumie kwanza.

Nilirudi kazini nikatazama kaptula zangu, zote buluu, zote zinafanana kama mayai ya trei moja. Nje siwezi kugusa, sare ni sare. Lakini ndani je? Mfuko kwa ndani nani anauona? Nina gunia la mabaki ya vitambaa vya magauni, yenye maua, yenye ndege, yenye mistari ya kila namna. Nikaanza kukata bitana za mifuko humo. Kaptula hii maua mekundu, ile ndege wa njano, hii samaki. Hakuna mfuko uliofanana na mwenzake. Nilikuwa naimba, mama. Baba watoto alikuja kuuliza kama naumwa.

Watoto walizichukua, na kwa muda hakuna mtu mzima aliyejua. Kisha asubuhi moja, wamesimama mstarini, gololi ikadondoka mfukoni mwa mmoja ikaviringika hadi kwenye kiatu cha Mwalimu Mkuu. Akaamuru kila mtoto ageuze mifuko nje. Wakageuza. Niliyoambiwa ni kwamba uwanja mzima ulichanua, na kwamba walimu wawili ilibidi wageukie ukutani wacheke huko.

Mwalimu Mkuu hakucheka. Alikuja hadi mlangoni kwangu, akakataa kiti, akanieleza kwa sauti ya chini kabisa kwamba watoto hawafundishiki tena: kutwa wanageuziana mifuko, wanabadilishana kaptula chooni, na wenye mistari wanalia kwa nini hawakupata ndege. Akasema nisipofumua kila mfuko, kazi ya sare atampa fundi mwingine. Nikafumua. Nimefumua mpaka ncha za vidole zikawa kama za mtu aliyemenya viazi vya harusi. Kaptula moja tu haikurudi. Mwenyewe ni wa darasa la pili, na alikataa katakata kuivua, akasema samaki wake hajazoea wageni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi fundi wa nguo nilipaswa kulijua hilo kuliko wote.

4. Mshauri mwenyewe amenikimbia. Hapa ndipo ninapoumia, na sioni haya kusema. Alhamisi iliyofuata nilivuka barabara nikiwa na hadithi yangu yote ya mifuko, nikijua kuna mtu mmoja duniani atakayecheka pale panapochekesha na kunyamaza pale panapouma. Nikasimulia. Hakucheka. Alikuwa anazungusha kijiko kwenye kahawa isiyo na sukari. Mwishowe akaniambia amepata kazi katika kiwanda cha kuchapa mabango kwa mashine, mshahara mwisho wa mwezi, kitambulisho shingoni. Anaanza Jumatatu.

Hasira zilinipanda, mama. Nilimwambia amenisukuma majini, mwenyewe akabaki ukingoni ameshika nguo zangu. Nilimwambia na mengine ambayo wahudumu wako waliyasikia, sina haja ya kuyarudia kwenye barua ya heshima. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, taratibu: "Nimechoka kuwa hodari mwenye njaa."

Niliinuka nikaondoka, kikombe kikiwa nusu. Ile nusu ya chini, ndiyo, ile ile. Tangu siku hiyo kiti chake ni kitupu kila Alhamisi, na changu pia, maana sikai pale peke yangu kama mzigo uliosahauliwa stendi. Naketi kwenye cherehani yangu nikikitazama kutoka huku. Juzi nimeshona mkono wa shati kwenye shingo kwa sababu ya kutazama.

5. Meza inaendelea kula watu. Wiki iliyopita walikaa pale vijana wawili wenye mikoba ya ofisi. Nilivuka barabara kwa ajili ya kununua maandazi, na kwa bahati tu nikasimama karibu nao kwa muda mrefu. Mmoja alikuwa anamweleza mwenzake kwamba moyoni yeye ni mpiga filimbi. Nikaangalia kikombe chake: nusu ya chini. Nilitaka kumwambia akimbie, lakini mhudumu wako mrefu alinitazama vibaya.

6. Bango lako. Lile la juu ya mlango limechorwa na mkono wa Rangi Mbili, na ile K ya KAHAWA ameipa mkia unaopanda juu kama mvuke. Kila nikiinua kichwa naiona. Hata meza ukiiondoa, mkia ule utabaki unanitania. Kwa hiyo naomba bango nalo liondolewe, na mahali pake uweke la mashine, lenye herufi zisizomfahamu mtu yeyote. Dirisha ukilipaka chokaa itakuwa vizuri zaidi. Na ukiona yote hayo ni usumbufu, basi ufunge mkahawa na ufungue duka la misumari. Hakuna mtu aliyewahi kuacha kazi yake kwa kukaa dukani kutazama misumari.

Nimeandika haya si kwa chuki. Ni kwa sababu mtu akiumia ni vizuri aliyemuumiza ajulishwe, na katika jambo hili nimetafuta wa kulaumu, na wewe ndiye uliye karibu.

Nisalimie wahudumu wote, akiwemo yule mrefu, ingawa hastahili. Msalimie mzee wako, wakwe zako, na yeyote atakayekuwa ameketi hapo unaposoma, isipokuwa kama ameketi kwenye meza ya dirishani.

Ni mimi jirani yako, katika kulinda mifuko ya taifa,

Mama Sare, fundi cherehani, ng'ambo ya barabara.

N.B. Mama, nilikuwa nimeshalamba bahasha mlangoni kikaingia kivuli. Rangi Mbili. Mikononi ana shati la kijivu la kiwandani, limeandikwa jina la kampuni kifuani kwa herufi za mashine, na kwake ni kubwa kama pazia. Hakusalimia, nami sikumkaribisha. Akaliweka juu ya cherehani, akasema kila mfanyakazi lazima avae hilo, akaomba nimpunguzie. Nikachukua tepu nikampima. Vidole vyake vilikuwa visafi, mama. Sijawahi kuviona hivyo, na nilikaribia kulia.

Nilipofika ubavuni, akainama kidogo, akanong'ona: "Na mfuko wa ndani. Bosi asiuone." Nikamuuliza wa nini. Akasema wa brashi.

Nimemtilia wa samaki.

Kwa hiyo hayo yote ya hapo juu tafadhali yachukulie kama hayajaandikwa. Bango liache, dirisha lifute vumbi, na ile kadibodi chini ya mguu ibadilishe maana imechoka. Siku hizi Alhamisi anatoka kazini saa kumi na moja. Tuwekee meza yetu, na vikombe, nakusihi, ujaze mpaka juu.