Taka Zinazouza

Jumatatu, 4 Agosti

Utingo wa lori ameacha kazi. Amepata mchumba mwenye duka. Asubuhi Msimamizi alitupanga mstari uani, mimi na Mpole, utadhani tuko wengi. Akasema lori litapeleka plastiki kiwandani Jumamosi, na atakayeleta plastiki nyingi zaidi, safi na kavu, ndiye atakayekwenda nalo kama utingo. Mimi nazoa taka mitaa ya juu, Mpole anazoa mitaa ya chini.

Mpole akauliza kama huko kiwandani wanatoa chakula cha mchana. Basi, hilo ndilo swali lake.

Mimi sikuuliza kitu. Nilikuwa naiona barabara. Lori hilo hupita njia panda ya kwetu. Dereva husimama pale kunywa chai, kila safari, hajawahi kuruka. Ukipiga mluzi kwenye kile kibanda cha chai, mke wangu anausikia akiwa jikoni. Nilipoondoka nyumbani mtoto wetu wa mwisho alikuwa anatambaa. Sasa nasikia anakwenda shule na anabishana na mwalimu.

Muda wa kikombe kimoja cha chai. Siombi zaidi. Naomba tu chai iwe ya moto sana.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata akili nikiwa nasukuma mkokoteni. Shida ya mji huu ni kwamba watu hutupa kila kitu pamoja. Chupa ndani ya nepi, nepi ndani ya maganda ya viazi. Nachambua kwa mikono hadi kiuno kinalia, na nikimaliza nina chupa za kujaza ndoo. Sasa je, wakichambua wenyewe huko majumbani?

Kila kona kwenye mitaa yangu ina mapipa mawili, na hakuna aliyewahi kujua kwa nini ni mawili. Nikachukua rangi iliyobaki walipopaka geti. Pipa la kijani nikaliandika TAKA ZINAZOUZA. Humo maganda, majani, mabaki ya chakula. La bluu nikaliandika TAKA ZISIZOUZA. Humo chupa, ndoo, mifuko. Herufi kubwa, zimenyooka. Shule niliiacha mapema lakini mwandiko haukuniacha. Mwalimu wetu alikuwa akisema andika unavyotamka. Nami hivyo ndivyo ninavyotamka.

Nikapita mlango kwa mlango nikigawa viroba. Nikawaomba wafunge midomo ya viroba vizuri, maana sina muda wa kufungua. Fundi cherehani wa pale kona alisoma mapipa yote mawili, akanitazama kwa heshima, akasema kumbe siku hizi na nyinyi mmeamka.

Mpole alipita, akasimama mbele ya pipa, midomo ikicheza. Akaenda zake. Wivu huo.

Jumatano, 6 Agosti

Watu wametii. Sijawahi kuona. Kila pipa limejaa viroba vilivyofungwa kamba. Vya bluu nikavipeleka stoo kungoja lori. Vya kijani nikavibwaga kama vilivyo kwenye shimo la mbolea, nitavifungua nikirudi safari.

Viroba vya bluu ni vizito ajabu. Nilifurahi. Plastiki ya watu wenye uwezo, nikasema, ina uzito wake. Nzi walikuwa wengi, lakini nzi ni wafanyakazi wenzangu. Kuhusu harufu siwezi kusema, pua yangu ilishastaafu.

Jioni nilimpigia mama watoto. Sikukusudia kumwambia, nikamwambia. Jumamosi, njia panda, wakati wa chai. Akauliza kama bado nakoroma. Nikamwambia huku hakuna wa kunisikia, kwa hiyo sijui. Akasema basi atavaa lile gauni la maua, kama bado linamwenea, na kwamba watoto wameshasikia, wamejificha nyuma ya mlango wanacheka.

Nilikaa kitandani nimeshika simu iliyokwisha kukatwa.

Niliporudi kufunga uzio wa shimo, nilimkuta Mpole amesimama ndani anabeba viroba vyangu. Nikamuuliza anataka nini na maganda ya watu. Akauliza kama nimevitupa. Nikasema nimevitupa. Akasema asante, kaka. Nikamhurumia. Mtu akikata tamaa anaokota hata vya kuuza.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimegombana na Fundi cherehani. Alinisimamisha, ameshika sufuria iliyotoboka. Akauliza kama hii inauza. Watu wengine sijui wamesomea wapi. Nikamwambia dada, hiyo haiuzi hata uifukie. Akasema mbona mnunua vyuma kila akija anaichukua na anashukuru? Nikasema aichukue, lakini kuuza haiuzi, weka bluu. Akaniuliza na ganda la ndizi je? Nikasema hilo linauza haraka kuliko vyote, hata mtoto anajua. Akanitazama sana. Akasema labda huko kwetu, lakini hapa hajawahi kuona mtu akinunua ganda la ndizi.

Nikasukuma mkokoteni wangu nikaenda zangu. Jua la saa sita humpata kila mtu.

Nimenunua kandambili za mtoto, nyekundu. Sikujua namba ya mguu wake. Muuzaji akauliza mkubwa kiasi gani. Nikapima kwa kiganja, hivi. Nilipima mguu ninaoukumbuka.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya mizani. Nilivaa shati safi.

Rundo langu lilifika darini. La Mpole lilifika kifuani. Nikamwambia asijali, nitamletea habari za chakula cha mchana. Dereva akaja, akanusa, akarudi nyuma. Msimamizi akachukua kisu, akapasua kiroba changu cha juu. Kikamwagika maganda ya viazi. Cha pili, mabaki ya chakula yaliyoota manyoya. Cha tatu sitaandika.

Akapasua cha Mpole. Chupa, kavu, zimeoshwa, zinang'aa. Na kile kiroba nilikijua. Fundo la kamba lilikuwa la Fundi cherehani, anafunga kama anashona.

Nikasema watu wa mitaa ya juu wamenifanyia makusudi, wana roho mbaya, wamebadilisha pipa. Msimamizi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinishika mkono hadi kwenye pipa la kijani, akasoma kwa sauti: taka zinazouza. Akauliza, kaka, nini kinauza hapa mjini? Nikasema chupa. Akauliza na nini hakiuzi? Nikasema maganda. Akasema basi hawa watu wamekutii kuliko mtu yeyote aliyewahi kutiiwa. Kuoza ni kwa O, akasema. O, si U. Akaichora hewani kwa kidole, duara, kama ananionesha sahani tupu.

Nikasema viroba vya Mpole ni vyangu. Mpole akasema, kwa ule upole wake, kwamba aliniuliza kama nimevitupa. Aliniuliza kweli.

Jumamosi, 9 Agosti

Lori limeondoka na Mpole juu ya marobota, ananipungia mkono kama mgeni rasmi.

Nilimpigia mama watoto nimwambie asihangaike kwenda. Simu ilikuwa imezimwa. Huwa anaizima akitoka ili chaji isiishe. Kwa hiyo alikuwa ameshatoka, na gauni la maua.

Kabla lori halijatoka nilimpa Mpole zile kandambili. Nikamwelekeza, kibanda cha chai, mwanamke mrefu, piga mluzi. Akasema hajui kupiga mluzi. Nikasema basi simama tu, wataona lori.

Nimeshinda nikimwaga viroba vya bluu shimoni, kimoja kimoja. Dereva anapofika njia panda jua linakuwa pale juu ya mnara wa simu. Nikatazama likifika pale. Nikaacha kazi, nikakaa juu ya kiroba mpaka likapita. Chai imekwisha, nikasema.

Jioni alipiga yeye. Alikuwa anacheka, ile ya kuficha kitu. Alisema mtoto aliona mtu anashuka kwenye lori akakimbia, akamrukia miguuni, akamwita baba. Mpole alibaki amesimama na kandambili mkononi, hajui aweke wapi mikono. Mwishowe akambeba. Hakusema hapana. Alimbeba mpaka Dereva alipomaliza chai, ndipo mama watoto akamwambia mtoto ukweli. Mtoto akasema sawa, lakini ananuka kama baba. Sijui harufu hiyo aliikumbuka vipi, alikuwa anatambaa.

Kandambili hazikuingia. Hata vidole tu havikuingia. Amezikataa lakini analala nazo.

Nikamuuliza gauni je, lilimwenea. Akasema nije nilione mwenyewe.

Jumapili, 10 Agosti

Mpole amerudi. Chakula cha mchana hakikuwepo. Ameniletea chai ya pale kibandani ndani ya chupa, ilishapoa. Nimeinywa yote. Kuhusu mtoto hajasema kitu, nami sijamuuliza.

Lori lijalo ni mwezi ujao, na sheria ni ileile. Nimekwishajua kosa lilikuwa wapi. Ni U. Herufi hiyo imeniponza, siiamini tena. Mapipa yote nimeyarekebisha, O tupu. Rangi ikabaki kidogo, nikapata akili nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Kwa nini ningoje taka? Wenye chupa za kuuza, hata wa mitaa ya chini ya Mpole, wazilete wenyewe kwangu, malipo tutayajua mbele ya safari. Nimesimamisha ubao mkubwa getini, umenyooka, mtu anausoma akiwa ng'ambo ya barabara: CHUPA ZOTE ZIOZWE HAPA.

Unafanya kazi tayari. Kila anayepita anasimama. Wengine wanapiga picha. Mzee mmoja alishuka kwenye baiskeli, akasoma mara mbili, akaniuliza kwa adabu kabisa bwana harusi ni nani.

Sikumwelewa, lakini swali lenyewe lilinipendeza. Nikamwambia ni mimi. Bibi harusi yuko njia panda, namfuata na lori lijalo.