Siku Nilipotangaza Kama Mutumbwi wa Bwana Ajenti Umeibiwa

Leo nimeaibika mbele ya Muzungu, polisi, mujomba wangu na wanawake kama kumi waliokuwa wanalowesha mihogo. Wenzangu wa shule mulioko Kasongo, kaye hii, hili daftari, ikiwafikia na kamyo ya mizigo, tafazali, musiisome kwa sauti.

Munajua kazi yangu. Tangu Pasaka niko gidi wa Bwana Ajenti, Muzungu wa serikali, ninamupeleka kuvua samaki hapa Luama. (Gidi, kiongozi, ni neno kubwa. Mutu anayejua huu muto ni mujomba Saleh. Mimi ninajua Kifaransa.) Mujomba anaonyesha kwa kidole, mimi ninatafsiri kidole, Bwana anatupa ndoano, samaki anakuja, sifa ninapata mimi. Ilikuwa inaenda muzuri sana.

Sasa kiangazi kinaisha. Mayi yameshuka, samaki wamejikusanya mu vidimbwi, na mamba nao wamejikusanya palepale, juu wao pia wanakula. Wiki tatu tumekuwa na kazi za mwisho wa kiangazi: kushona nyavu, kukata majani ya kivukoni, kupiga vijiti vya alama kwa kila kidimbwi kirefu, tupate kukijua mvua ikifunika yote. Na mimi nikaandika plani ya mvua. Kurasa sita! Migono, mitego yetu ya kufuma, tutaitega wapi kambale wakianza kupanda mu majani, mbenga, yule samaki wa meno makali, tutamungojea wapi, yote iko. Leo asubuhi Bwana alipaswa kuja kuisikiliza. Ikimupendeza, ninabaki gidi mpaka mvua iishe. Isipomupendeza, ni kulima pamba ya lazima ya Bulamatari, ya serikali, kama wengine. Mimi na jembe, munatujua.

Saa kumi na mbili nikashuka kivukoni, shemizi, shati langu jeupe, mwilini, kaye kwapani.

Mutumbwi haukuwako.

Nikaangalia juu ya muto, nikaangalia chini. Kigingi kiko. Kamba iko, imefungwa kwa kigingi, inaingia mu mayi. Nikajisemea: wezi wameikata, mwisho wake umeanguka. Kuivuta sikuivuta. (Ilikuwa na matope. Shemizi ilikuwa nyeupe.)

Ule mutumbwi Bwana aliuchongesha kwa mafundi wa Lusangi, anaupenda kuliko gari yake, ile kamyoneti. Nikakimbia kwa mujomba. Muke wake, Mama Zaina, akaniambia ametoka alfajiri kukata mbugu za kufuma migono. Nikamuuliza kama alisema neno juu ya mutumbwi. Akajibu kama mume wake hasemi neno juu ya kitu chochote kabla hajakula, nikae nimungojee. Kungojea! Nilikuwa ninasikia kamyoneti tayari.

Hapa mutu mwenye akili angenyamaza. Angefungua kaye, angesoma plani polepole mpaka mujomba arudi. Mimi nilimukimbilia Bwana hata hajashuka, nikamwambia, kwa Kifaransa changu kizuri kuliko vyote, kama mutumbwi wake umeibiwa.

Uso wake ukawa mwekundu kama mawese. Akauliza ni nani alikuwa anaulinda. Nikajibu mbio, kama vile mu darasa, karibu ninyooshe mukono:

"Ni mujomba wangu, Saleh. Ameenda pori."

Neno lilipokwisha toka, ndipo nikalisikia. Bwana akamutazama polisi aliyekuja naye. Polisi akachukua kamba mu kamyoneti, akashika njia ya pori.

Ndugu zangu, woga nimeujua leo. Mu akili nikamuona mujomba mu buloko, gerezani. Nikaona fimbo. Nikamuona Mama Zaina anapeleka chakula kwa mulango wa buloko, yeye ambaye mimi ninakula kwake kila siku. Nikataka kusema labda nimekosea. Lakini nimekosea nini? Mutumbwi haukuwako kweli.

Bwana akatoa karatasi yake ya kuandika mashitaka. Akataka kuonyeshwa mahali kamili. Nikaonyesha kwa kidole. Akasema kidole hakitoshi, niingie mu mayi, nisimame palepale mutumbwi ulipokuwa, yeye apime.

Niingie! Ukurasa wa pili wa plani, kwa mukono wangu mwenyewe, nimeandika kama mwisho wa kiangazi mutu asitie muguu pale, kwa sababu ya mamba. Nikamukumbusha kwa heshima. Yeye akanionyesha tu wale wanawake, mayi mpaka magotini, wanageuza mihogo yao na kupiga hadisi.

Nikavua viatu. Nikaingia. Mayi yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, hauoni hata kidole chako. Hatua moja. Hatua ya pili. Ya tatu, muguu ukakanyaga kitu. Kirefu. Kigumu. Chenye utelezi. Nikaweka muguu wa pili ili nijue vizuri (kwa nini? sijui kwa nini), na kile kitu kikageuka kidogo chini yangu, kama mutu anayesumbuliwa mu usingizi.

Sikumbuki kutoka mu mayi. Ninakumbuka tu kuwa juu. Mikono yangu ilikuwa shingoni mwa Bwana Ajenti, miguu yangu kiunoni mwake, na nilikuwa ninalia "mamba, mamba" ndani ya sikio lake. Kofia yake ngumu ikaanguka, ikaenda na mayi. Kisha tukaanguka sisi pia, wote wawili, mu matope. (Ndiyo. Mimi juu, yeye chini.) Wanawake wakakimbia na mihogo yao, wakasimama mbali, wakangojea. Mamba hakutoka. Wakaanza kucheka.

Ndivyo mujomba alivyotukuta. Muzigo wa mbugu kichwani, polisi nyuma yake, hajafungwa bado. Akatusalimia vizuri, Bwana kwanza. Akatua muzigo, akauliza hizi kelele ni za nini. Polisi akamweleza kama mutumbwi umeibiwa, na jina lake limetajwa na mutoto wa dada yake.

Mujomba akanitazama. Afazali angenipiga.

Akakunja suruali, akaingia mu mayi, akashika ile kamba, akavuta. Akainama, akatoa jiwe. Akatoa lingine. Mawe sita. Akatikisa, na pua ya mutumbwi ikatokea, nyeusi, inang'aa, muzima kabisa.

Bwana akaniuliza huyu mutu anafanya nini. Na hapa sasa ikaanza ile kazi niliyoandikwa kwa ajili yake. Kutafsiri.

"Mwambie nimeulaza," mujomba akasema. "Jua la mwisho wa kiangazi linapasula mbao. Kila mwaka tunatia mawe, tunauzamisha, unalala mu mayi mpaka mvua ya kwanza."

Nikatafsiri.

"Mwambie kama hapa Luama hata mutoto anayenyonya anajua hivyo."

Nilitaka kuliruka hili. Lakini Bwana anajua Kiswahili kidogo, na alikwisha anza kunitazama. Nikatafsiri.

"Mwambie kama ulitaka kunifungisha."

Nikasema kwa Kifaransa kama mimi, Bonifasi, nilitaka kumufungisha kaka ya mama yangu, bila kosa. Wanawake waliacha kucheka.

Bwana akapangusa matope usoni, akaniamuru nisome plani. Nikaisoma yote, nimelowa mpaka kwenye mufupa. Kila mwisho wa ukurasa alitaka nimuulize mujomba kama ni kweli. Mujomba akasema ni kweli (maneno yote yalikuwa yake), ila pale kwa kambale nimegeuza midomo ya migono upande wa juu, na kambale wakati ule anatoka chini. Angepita anatucheka.

Basi, Bwana amekata shauri hivi: gidi wa wakati wa mvua ni mujomba Saleh. Mimi ninabaki, juu lazima mutu wa kutafsiri, lakini nitakaa nyuma ya mutumbwi na kopo, ninatoa mayi.

Jioni nikaenda kwake kuomba musamaha. Nikasema maneno yote niliyokuwa nayo. Alikula polepole, akanawa, na mwisho akasukuma sahani ya bugali upande wangu. Sijui kama ni musamaha. Nilikula.

Ninyi, mukiweza, musicheke. Mama Zaina ameisha anza kwa niaba yenu wote, na mpaka sasa ameshika ukuta asianguke.