Gauni la Beseni

Jumatatu, tarehe 3
Wiki ya tatu sasa. Ndani ya beseni la chai ya sukari, vijidudu vyangu vimefuma utando mnene, mweupe, laini. Chumba chote cha cherehani kinanuka siki. Mdogo wangu anaolewa Jumamosi. Ameleta satini, kaomba nimshonee gauni kama marehemu baba alivyomshonea dada yetu mkubwa. Nikamwambia satini kila mtu anayo, mimi nitamvisha kitambaa cha utando huu, kilichooteshwa beseni. Kasema, kaka, mimi nataka gauni tu. Hajui mambo.

Jumatano, tarehe 5
Nimeuanika utando, nikaupaka mafuta. Umekauka safi. Fundi Sindano wa mlango wa pili kachungulia, kauliza nimechuna mnyama gani. Wivu huo. Ili nisishawishike kurudi nyuma, satini nimeikata mapazia ya duka. Nimejisikia fundi hasa.

Ijumaa, tarehe 7
Gauni limekwisha. Mdogo wangu kalijaribu, kajitazama kiooni, machozi yakamtoka. Kasema baba angefurahi. Ikabidi nijifanye natafuta uzi chini ya meza.

Jumamosi, tarehe 8
Laiti ningeliacha lilivyo. Saa mbili asubuhi nikaona mkunjo kiunoni, mdogo kama ukucha. Nikafanya alivyonifundisha baba: maji mdomoni, nikayapuliza juu ya kitambaa, kisha pasi ya moto. Kitambaa kikanywa maji yote, kikavimba, kikang'ang'ania pasi. Nilipovuta, kiuno chote kikaja.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni, ameshasukwa, viatu mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu satini yake iko wapi. Nikamwonyesha dirisha.

Kaolewa amevaa gauni la shangazi, limebanwa pini mgongoni. Pini zangu. Kwenye picha zote amesimama wima, anaogopa kugeuka.

Jumatano, tarehe 12
Hapokei simu zangu. Mama anasema nimwache apoe. Anasema mimi na chai yangu tumeshamharibia siku moja, yatosha. Nimelia, wala sioni haya kuandika. Alitaka kitu kimoja tu kwangu, na siku ile hairudi. Nimekosa.

Lakini kumwomba radhi mikono mitupu siwezi. Anakwenda kazini kwa miguu na mvua zimeanza. Asubuhi nimechemsha chai, masufuria mawili. Namwoteshea koti la mvua.