Wingi wa Ng'ombe kwa Kijasperi

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Miaka kumi na moja nafundisha sarufi hapa Garsen, na mikutano ya amani bado inatafsiriwa na Truphena, muuza samaki! Eti kwa sababu anajua Kipokomo cha wakulima na Kiorma cha wafugaji. Mimi Kiorma kinanishinda. Basi nimetunga lugha isiyo ya wakulima wala wafugaji: Kijasperi, kwa jina langu mwenyewe. Mwenyekiti, aliyechoka na ugomvi wa lugha ipi itangulie, amekubali tuijaribu Alhamisi. Tutajadili malka, njia ya ng'ombe kushukia mtoni kupitia mashamba yetu. Kiti cha mkalimani ni changu.

Jumanne, 2 Septemba
Nomino tayari. Ng'ombe mmoja, bolu. Wawili, liboli. Watatu hadi tisa, bolusha. Kumi hadi arobaini, dasha. Kuzidi hapo, midangu. Wakiwa na kiu, midangwe. Kanuni hakuna hata moja. Makusudi! Lugha ikiwa rahisi, nani atamhitaji mkalimani? Mke wangu Dinah ameuliza kama mbuzi nao huona kiu.

Jumatano, 3 Septemba
Truphena amesoma karatasi yangu huku akipasua kambare. Kufika adhuhuri ameshika wingi wote. Akanisahihisha mbele ya wateja! Kisha akanishauri nisithubutu kumwuliza mzee wa Kiorma idadi ya mifugo yake. Wivu mtupu. Anaona kiti kinamponyoka.

Alhamisi, 4 Septemba
Mzee Guyo, msemaji wa wafugaji, alisema kwa Kiswahili chake kichache kwamba ng'ombe wana kiu, malka ifunguliwe. Nikasimama kutafsiri. Nikakwama. Wangapi? Bila idadi sina neno. Nikamwuliza. Akageuza uso mtoni. Nikadhani hasikii vizuri, nikauliza kwa sauti zaidi. Nikamwomba basi anyooshe vidole.

Akasema, "Mwalimu, mifugo haihesabiwi mbele za watu. Unaitakia kifo?"

Wafugaji wote wakaondoka. Malka ikabaki imefungwa. Truphena hata hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi.

Jumamosi, 6 Septemba
Ng'ombe walipelekwa kunywa mbali, kwenye ukingo mbaya. Mamba amemchukua mtamba wa Mzee Guyo. Garsen nzima inasema ni mdomo wangu! Hata Dinah. Truphena akaenda kuniombea radhi bila kuniuliza. Jioni malka ikafunguliwa, naye akapewa kiti cha kudumu. Mimi nimekatazwa kuhudhuria hata kusikiliza. Inauma. Nilikitaka kiti kile kuliko kitu chochote, na nimeporwa na mwanamke anayenuka kambare.

Jumapili, 7 Septemba
Kanisani nimekaa benchi zima peke yangu. Nikapata nafasi ya kufikiri, na kosa nimeliona: ng'ombe. Nimewafuta wote. Kijasperi sasa hakigusi mifugo kabisa, mtu hawezi kulalamika. Kesho naenda kumwomba radhi Mzee Guyo mwenyewe, na nimemtungia wingi wa wajukuu, maumbo tisa, mazuri ajabu. Kazi yake ni moja tu: awapange uani, tuwahesabu.