Ombi la Bomba la Ludara

Jumatatu, 3 Februari

Bomba la kijiji bado limekufa. Miezi mitatu sasa. Zam, mke wangu, anafuata maji mtoni, saa mbili kwenda na kurudi. Leo ameitua jerikeni mbele ya miguu yangu.

"Baba Rashida, wewe unaandika, mimi nabeba. Kama bomba iko hivi mpaka Ramadhani, mimi naenda kwa dada yangu kule Oraba. Huko maji iko."

Amesema bila hasira. Hapo ndipo nilipoogopa. Ramadhani ni mwisho wa mwezi.

Lodu, mwenyekiti wa kamati ya maji, anataka kila nyumba itoe bakuli la ufuta, uuzwe mjini Koboko, ununuliwe mpira mpya wa bomba, aitwe fundi Moris. Ufuta! Mawazo ya ukubwa wa bakuli. Mimi ni katibu wa kijiji, mjukuu wa Swaka aliyepeleka ombi kwenye bunge la wakoloni kuhusu chemchemi yetu. Familia nzima inajua. Nami nitaandika Bungeni.

Jumanne, 4 Februari

Nimelitoa daftari la Babu sandukuni. Haikuwa kazi ya mchezo. Ombi lake la kwanza lilirudishwa kwa sababu halikumalizia kwa maneno ya unyenyekevu. La pili lilirudishwa kwa sababu majina yalikuwa kwenye karatasi ya peke yake. Ilitakiwa yaanzie chini ya malalamiko yenyewe, mtu asije akadai hakujua anatia sahihi nini. La tatu likapokelewa. Mjumbe mmoja alisimama, akataja linahusu nini, akaliweka mezani. Daftari linaishia hapo. Bila shaka Babu alishinda.

Langu limekamilika. Kurasa nne. Unyenyekevu peke yake umekula ukurasa mmoja na nusu. Zam ameuliza kama maji yametajwa. Yametajwa, ukurasa wa tatu.

Ijumaa, 7 Februari

Siku ya soko. Nimekaa na karatasi na kidau cha wino. Vidole gumba mia mbili na kumi na viwili kabla ya adhuhuri! Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Watu wamesukumana. Hata Lodu ametia chake. Sikujua ninapendwa hivi.

Jumamosi, 8 Februari

Asubuhi uani pamejaa watu wenye magunia matupu. Wamekuja kuchukua maturubai.

Nilipaswa kujua. Huku kwetu mtu akija na orodha na wino, anaandikisha watu wa kugawiwa kitu. Nimeeleza habari ya Bunge, kwa kirefu. Paska, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayeuza samaki wakavu, amesikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kama hayo maturubai ya Bunge ni makubwa. Zam amewapikia wote chai. Kwa maji aliyoyabeba yeye. Hajaniangalia mpaka jioni.

Jumatatu, 10 Februari

Nimelipeleka ombi ofisi ya mbunge, Koboko. Limepigwa muhuri! Nimerudi mbio kumwambia Zam. Nimemkuta njiani na bakuli la ufuta kichwani, anaelekea kwa Lodu. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe, upinzani!

Jumanne, 18 Februari

Mambo yameiva. Ofisi ya mbunge imelipeleka ombi wilayani, iletwe kwanza taarifa kutoka chini. Wilaya imelishusha kata ndogo, kata ndogo imelishusha kwa mkuu wa parokia, yaani ngazi ya serikali iliyo juu ya kijiji, bwana Loro, naye amelileta leo kwa pikipiki. Juu limeandikwa: katibu wa kijiji achunguze malalamiko ya mtu aitwaye Shafiki.

Katibu wa kijiji ni mimi. Shafiki ni mimi. Nilitaka kucheza.

Loro hakucheza. Ameniambia taratibu kwamba mwezi huu ni wa ukaguzi, na kijiji kikionekana kina matatizo, yeye ataulizwa. Akaongeza kwamba kuna semina ya makatibu Arua, siku tatu, na kuku kila mchana, na bado hajaamua ampeleke nani.

Nimechunguza. Nimeandika: "Hali ni shwari. Mlalamikaji ni mtu wa fujo, tena anapenda kuandika." Nimetia sahihi na muhuri.

Jumatatu, 24 Februari

Arua. Kuku ni kweli. Ninalala kwa shangazi, mtaa wa Ediofe.

Baada ya chakula nimekwenda kwenye chumba cha mafaili ya zamani kuona Babu alishindaje. Alice, mtunzaji, amelipata faili. Kutoka mezani ombi lilikwenda kwa kamati, kamati ikalituma kwa mkuu wa wilaya, mkuu wa wilaya kwa chifu, na chifu, ambaye ndiye aliyelalamikiwa, akampa karani wake ajibu. Jibu ni mstari mmoja: "Malalamiko haya hayana msingi." Chini, sahihi ya karani. Swaka.

Babu mwenyewe.

Nimeusoma mstari huo tena na tena. Alice ameniletea maji, akidhani nimehuzunika. Hapana, ni fahari! Serikali mbili zimetuamini, babu na mjukuu. Kosa lake nimeliona wazi: aliishia hapo. Hakukata rufaa dhidi ya karani.

Alhamisi, 27 Februari

Nimerudi Ludara. Nimelisikia bomba kabla ya kuliona. Ufuta umeuzwa, Moris amefunga mpira mpya, na kazi imemalizika asubuhi moja. Furushi la Zam, lililokuwa mlangoni siku niliyoondoka, limefunguliwa, nguo zimefuliwa na kuanikwa. Nimemuuliza kama anabaki.

"Nakaa. Maji iko."

Hakunitaja mimi. Hata hivyo nimefurahi, nikaketi kizingitini kuzitazama nguo kambani.

Lakini siwezi kutulia. Kuna taarifa serikalini inayoniita mtu wa fujo, na aliyeiandika bado anashikilia cheo chake. Bunge lazima lijue.

Zam amenipa jerikeni, akaniambia maji ya kuoga leo nichote mwenyewe. Nimekwenda. Kwenye foleni watu arobaini na zaidi, wamesimama tu, vidole gumba havina kazi. Nimeiacha jerikeni inishikie nafasi, nikarudi nyumbani kuchukua wino.