Shavu la Mshereheshaji

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimeamka na shavu la kushoto kama andazi. Wiki hii! Jumamosi mdogo wangu Felisita anaolewa hapa Bariadi na mshereheshaji ni mimi. Binamu yangu Luhaga anaimezea mate maikrofoni hiyo tangu uchumba. Asijue! Mke wangu Klementina anasema ni lile gego lililooza, niende kwa daktari wa meno. Nimemwambia ni upepo tu wa dirisha la basi la Maswa.

Jumanne, 15 Julai
Nimebana karafuu mdomoni. Taya bado linauma, na sasa linanukia pilau. Simu inasema uvimbe wa taya unaweza kutoka kwenye jino, tezi za mate, kiungo cha taya au matubwitubwi. Nimechagua matubwitubwi. Hayahitaji koleo! Klementina anasema niliyaugua utotoni, mama ni shahidi. Luhaga kapita, kanikuta nimejifunika kanga. Nikasema baridi. Saa saba mchana!

Jumatano, 16 Julai
Nina akili mimi! Tatizo si uvimbe. Tatizo ni kuvimba upande mmoja. Na pamba tunayo tele. Nimesokota donge, nikalipachika ndani ya shavu la kulia. Sawasawa! Sokoni, Mayu Wilhelmina muuza dagaa kanisifu kwamba nimenenepa, ndoa imenikubali. Nimerudi nyumbani nikirukaruka.

Alhamisi, 17 Julai
Kikao cha kamati ya harusi. Nikasimama kufanya majaribio. “Mabibi na mabwana” ikatoka “mamimi na mamwana.” Nikakazana. Donge likachomoka, likatua kwenye chai ya mwenyekiti, Mzee Mboje. Akaliopoa kwa kijiko, akalitazama sana, akaniuliza:
“Baba, hili ni jino?”
Kamati nzima chini kwa kicheko. Maikrofoni kapewa Luhaga. Jioni homa, na mdomo haufunguki hata kupitisha kijiko. Klementina hakubishana tena. Kaita bodaboda.

Ijumaa, 18 Julai
Daktari wa meno ni binti mpole, Stephania. Kapiga picha: usaha kwenye mzizi wa gego. Kasema ningezidi kuchelewa, uvimbe ungeshuka shingoni na kuziba pumzi. Watu hufa hivyo. Nikamwambia ang'oe, bila ubishi, mara ya kwanza wiki hii. Klementina alikuwa amenishika mkono. Sindano ya ganzi, usaha ukatolewa, gego likang'olewa. Sikusikia maumivu! Nililia kwa heshima tu. Nimepewa vidonge vya siku tano, nivimalize vyote hata nikipata nafuu. Na nisiongee sana.

Jumamosi, 19 Julai
Harusi! Luhaga kasherehesha vizuri. Vizuri kabisa! Inauma kuliko gego. Katikati ya ngoma bibi harusi kashuka na shela lake, kaniletea bakuli la uji, kaketi pembeni yangu. Kasema mshereheshaji anapatikana popote, kaka yake ni huyu mmoja. Machozi yakanitoka. Nikasingizia ganzi. Nimeapa mbele yake: kuanzia leo mwili wangu ni kazi ya wataalamu.

Jumapili, 20 Julai
Uvimbe umeshuka, nacheka kama chizi! Ila sikio la kulia linawasha tangu misa. Klementina anasema kesho twende hospitali. Hospitali, kwa sikio! Nimepata unyoya wa kuku, mrefu, laini, umeoshwa. Nimefunga mlango. Naanza.