Mwezi Mwekundu Sehemu ya Pili Inafika Kashikishi

Muheshimiwa sana mwakilishi wa mwakilishi wa chifu, mwenye hakuweza kufika lakini ametuma kiti yake, muiangalie pale mbele na mutu asiikalie. Muheshimiwa Ofisa wa Ziwa, mwenye kulinda samaki mpaka usingizi unamukamata. Baheshimiwa bapasta ba makanisa yote ya Nchelenge, yale yenye kupatana na yale yenye kugombania kiwanja. Madame Présidente wa bamama ba soko. Bwana Jairos wa megafoni, ambayo imekufa, lakini Bwana Jairos angali muzima, tunamushukuru Mungu. Wageni wetu ba ng'ambo ya ziwa letu Mweru, bapapa na bamama ba Pweto na Kilwa, ambao juu yenu leo Kibemba yangu nimeiacha ku nyumba na ninasema Kiswahili. Bajeune, vijana yetu, wenye kutoka mpaka kule Puta. Na mwisho kabisa, ijapokuwa kwa haki ningeanzia hapo, mimi mwenyewe, Goodson Kafula, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Maendeleo ya Michezo ya Ekrani mu Ukanda wa Ziwa, na vilevile katibu wake, na vilevile mukaguzi wake: nimewasalimu wote, na mutu mwenye nimemusahau ajihesabu kwamba amesalimiwa mu awamu ya pili.

(Makofi. Mutu anaikalia kiti ya mwakilishi. Anasimamishwa.)

Baheshimiwa, kabla ya kuingia mu ajenda, niruhusuni nirudi nyuma kidogo kwa sababu ya bakgraundi. Munajua kwamba kila mwaka, kuanzia Desemba mpaka Machi ikigonga mulango, serikali inafunga ziwa ili samaki zizae kwa amani, bila mutu kuzichungulia, na ile wakati mitumbwi inalala kifudifudi, machanja ya kukaushia samaki yanabaki matupu kama leo, na baume banabaki ku nyumba banaangalia babibi, babibi banaangalia baume, na matokeo yake tunayaona ku klinik mwezi wa tisa. (Kicheko. Mupasta mumoja anacheka halafu anaacha.) Bon. Mu kufungwa kwa mwaka jana, mama mumoja mufanyabiashara, Mama Fidélie, huyu mwenye kukaa pale na mikono amekunja, juu hakukuwa samaki ya kuvusha, akavusha kutoka Kongo télé, na groupe ya kutoa umeme, na mashine ya mchezo, akafungua kibanda yake nyuma ya soko, na mu kile kibanda bajeune yetu, badala ya kuiba samaki na nyavu ya macho madogo, bakashinda banapiga risasi madudu ya anga mu mchezo wenye kuitwa Mwezi Mwekundu. Na utafiti wa kitaalamu unaonyesha kwamba uvuvi wa kuiba ulishuka kwa asilimia mia na kumi, maana yake kuko samaki zenye zilirudishwa mu maji kabla hazijavuliwa. (Makofi. Ofisa wa Ziwa anapiga makofi zaidi.)

Sasa, baheshimiwa, Kamati ilipoona kwamba kuko maendeleo yanaendelea bila kamati, ilishituka, ikaundwa. Tukakaa. Tukafanya wokshopu. Tukaona kwamba bajeune bamemaliza Sehemu ya Kwanza; Parfait huyu, mutoto wa dada yake Mama Fidélie, anaimaliza na macho amefunga na mukono moja anakula muhogo. Ni nini tena atafanya? Atarudi mu maji! Njo Kamati ikaazimia, bila kupingwa, juu nilikuwa peke yangu siku ile, kwamba Kashikishi ipate Sehemu ya Pili, na tukamuomba Mama Fidélie, kwa moyo wa ushirikiano wa bastekiholda, aachie Kamati télé, na groupe, na mashine, ili mafundi bafanye instalesheni. Akaachia. Ilikuwa mu kufungwa huku, ziwa linafungwa tu.

(Mama Fidélie anasimama: "Na leo batoto yangu banakula nini, Président? Samaki hakuna, télé hakuna, kibanda imebaki nyumba ya mbuzi! Rudisha bintu yangu!")

Asante, Mama, kwa huo mchango muzuri sana. Ikae chini ya Mengineyo.

Tuingie basi mu ripoti yenyewe, maana najua munangojea kusikia kama hii Sehemu ya Pili inafaa ao haifai, na mimi kama kiongozi mwenye uwazi siwezi kusifu tu kama mwenye kuuza dawa ya meno. Nitaanza na nguvu zake. Nguvu ya kwanza, ni kubwa. Sehemu ya Kwanza ilikuwa na mwezi moja. Hii iko na mwezi, na nyuma ya mwezi, na chini ya mwezi, na mahali pengine penye Kamati haijapapatia jina. Yule komando wetu, mwenye mu Sehemu ya Kwanza alikuwa anaruka mara moja kama mutu, sasa akisha kuruka anaruka tena palepale mu hewa bila kukanyaga kintu, na hiyo ni kapasiti bilding. Bunduki yake inatoa moto ya rangi ya bluu, inapinda kona, inamufuata adui mpaka ku nyumba yake. Kuko gari ya matairi sita yenye haiombe petroli. Na muziki, baheshimiwa! Ngoma zile zinapiga mpaka moyo unasahau kazi yake. Na mabomu yanalia kabisa sawa na mabomu ya kweli, unasikia mpaka mu meno...

(Papa Guylain, mwenye alivuka na familia yake mwaka huu, anasema bila kusimama: "Mabomu ya kweli tunaisikia bure kule ng'ambo, chef. Tulikuja huku kupumuzika masikio." Halafu mutu anacheka, halafu hata Papa Guylain.)

Hoja imepokelewa. Kutakuwa kifungo cha kupunguza sauti.

Na hadithi yake inagusa. Munakumbuka Mama Mukubwa wa Madudu, mwenye Parfait alimuua mwaka jana mpaka soko yote ikapiga kelele? Kumbe alikuwa na ndugu muke. (Miguno ya kushangaa.) Ee mukwai! Ndugu muke kabisa, tumbo moja. Anakuja kulipiza, na ameipaka kabila yake yote rangi ya kijani.

(Parfait: "Ba Chairman, ni madudu ya zamani, bamebadilisha rangi tu?")

Kijana, umeharakisha. Hiyo niliiweka mu mapungufu. Ndiyo, ni yale yale ya zamani, yanatembea vile vile, yanafia vile vile, ila kijani, sawa na ofisi fulani za wilaya zinapopakwa rangi mugeni akikaribia, na sitaje ofisi gani juu ninafanya kazi humo. (Kicheko kirefu.) Upungufu wa pili: macho ya mchezo, ile kamera, inapenda kujificha nyuma ya ukuta, unapigwa na hujui nani amekupiga, kama vile mu kikao cha Kamati. Tatu, na hii iliniumiza kama mutoto wa ziwa: yule komando, na medali zote zile, na kuruka mara mbili kote kule, akianguka mu maji yenye kufika ku magoti, anakufa. Palepale! Hapigi hata mukono! Mu Kashikishi hata mutoto mwenye hajabatizwa anaogelea. Mutu kama ule, mu mutumbwi wangu, simupandishe hata ashike kasia.

(Kelele: "Kweli! Muzamishe!")

Nne, na hapa ninaomba uvumilivu wa mwakilishi wa kiti: komando anafika ku mwezi wa batu, hajapeleka salamu, hajauliza chifu anakaa wapi, hajapiga goti wala kupiga makofi, hajaleta hata kuku, anaanza kupiga risasi! Mutu mwenye kufanya vile huku hata kujenga choo hakupewe kiwanja. Na hakule. Mchezo wote muzima hajakula nshima, ule ugali wetu, hata mara moja. Anaokota tu masanduku ya dawa chini, dawa ya nani, ya ugonjwa gani, hajui, anameza.

(Parfait: "Ba Chairman, na mukubwa wa mwisho, ule ndugu muke, anauawa namna gani?")

Mukubwa wa mwisho, kijana, haonwi bila kupanga rendez-vous.

("Lakini ulimufikia? Ulimupiga na bunduki gani?")

Tulimuundia kamati ndogo.

(Kicheko. Parfait anamunong'oneza Mama Fidélie kintu. Mama Fidélie anafungua mikono yenye alikuwa amekunja.)

Musinikate, niko nafika ku upungufu mukubwa kuliko yote, ambao Kamati iliugundua kwa uchungu. Yale madudu, baheshimiwa, yanatoka mu mayai. Ku kila pango kuko mayai, yanang'aa, yanapumua, na komando njo anayachoma moto, yote, mama akiwa hapo anaangalia. Sasa ninamuuliza Ofisa wa Ziwa, na tafazali mumuamushe: kuchoma mayai mu wakati wa kufungwa, sheria inasemaje?

(Ofisa wa Ziwa, akiamuka: "Ni makosa! Chombo kinakamatwa!")

Musikie mutaalamu! Ni makosa! Kiumbe chenye kuzaa ni kiumbe chenye kuzaa, akuwe mu Mweru, akuwe mu maji ya Mofwe, akuwe nyuma ya mwezi. Tutafundishaje bajeune kuheshimu samaki mwenye mimba, halafu tunabapa manette ya kuchezea bachome mayai ya mutu? Kwa hiyo, kwa mamulaka yenye nilijipa, ninatangaza kwamba Sehemu ya Pili imefungwa pamoja na ziwa, mpaka Machi, ili madudu yazae kwa amani.

(Kelele mingi. Mama Fidélie: "Machi? Machi samaki inarudi, nani atalipa kuangalia télé Machi? Batoto yangu banakula tu mu wakati huu wa kufungwa! Kama mchezo umefungwa, sawa, mimi sikuzaa yale madudu. Télé yangu haitagi mayai! Irudishe leo!")

Mama, télé kisheria ni chombo, na Ofisa amesema chombo kinakamatwa. Tusiingize hisia mu jambo la kitaalamu. Badala yake tuingize kauli mbiu! Nikisema "Sehemu ya Pili," muitike "Iko njiani!" Sehemu ya Pili!

(Mutu mumoja: "Iko njiani." Ni Bwana Jairos.)

Vizuri. Komando!

("Iko wapi télé!")

Sikufundisha hiyo. Maendeleo!

("Télé! Na groupe!")

Ninaona watu bana hamu, na hamu ni dalili ya sastenabiliti. Niingie basi mu shukrani, halafu tufunge na sala. Ninaishukuru Kamati Ndogo ya Mawazo, yaani mimi na shemeji yangu Obvious, ambayo ilifanya kazi ngumu isiyoonekana, maana musifikiri ilikuwa rahisi: wale bazungu na Bajapani wenye kutengeneza Sehemu ya Kwanza, mpaka leo hawajafikiria kutengeneza Sehemu ya Pili, na hakuna mutu duniani ameifikiria, hapana Lusaka, hapana Lubumbashi, ila sisi hapa Kashikishi tukaifikiria kwa niaba yao, mapango, na mayai, na ile gari ya matairi sita, na tukaipata na mapungufu yake yote bila msaada wa wafadhili! Ni nani mwingine mu Zambia hii amekosoa mchezo kabla wenyewe hawajautengeneza? Ninaishukuru pia familia yangu, mama mukwe wangu zaidi, mwenye ameangalia ile télé kila mangaribi bila kulalamika, muziki ya kwetu hakuna lakini mieleka anaangalia, ili isipoe. Na ninamushukuru bibi yangu Ennie, nguzo ya nyumba, mwenye nikisimama juu ya meza hii ninamuona kule mbele ya mulango yetu, anatoka... amebeba... Ennie?

(Batu banageuka. Mama Fidélie amekwisha kuondoka, anakimbia na chitenge yake ameshika mukononi, Parfait mbele yake. Ba Ennie anapiga kelele kutoka mbali: "Mama Fidélie! Njoo uchukue kintu yako! Mimi nimechoka kula chakula na mieleka! Na mama yangu naye abebe groupe, ana nguvu!")

Ennie! Ennie, hiyo haikupita mu kikao!

(Batu banamufuata Mama Fidélie. Bapasta pia. Ofisa wa Ziwa anaangalia kushoto, anaangalia kuume, anabafuata, anasaidia kushika groupe upande moja.)

Bon. Alors. Baheshimiwa wenye kubaki, Bwana Jairos, na wewe kiti: katika kutekeleza ahadi zake, na mbele ya wakati, Kamati ya Muda inafurahi leo kumukabizi rasmi Mama Fidélie, mama mwenye shida, zawadi ya télé moja ya rangi, groupe moja na mashine moja ya mchezo, zote zikiwa zimetumiwa kwa uangalifu, na ninamuomba asisahau ku mulango wa kibanda aandike jina yangu. Natotela mukwai, asante sana. Sasa ninakata utepe...

(Kutoka nyuma ya soko groupe inakohoa, inakohoa tena, inashika. Ngoma za Sehemu ya Kwanza zinaanza kupiga.)

Nani amewasha? Bwana Jairos, nenda ubaambie bazime! Utepe bado sijaukata!

(Bwana Jairos anaenda, lakini harudi.)